Kuvu Rafiki wa Tungule: Mwongozo kwa Mkulima wa Malindi na Kilifi



Tangu mvua za mwaka zipungue nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wa Ganda, wa Kakuyuni, wa Jilore, mpaka ng'ambo ya Sabaki upande wa Magarini. Mitungule imekua vizuri, imetoa maua, imefunga matunda, kisha inaanza kunyauka mmoja mmoja. Dawa imepulizwa, pesa zimekwenda, na mitungule bado inakufa. Sasa wamesikia kuna unga wa kuvu unaotiwa ardhini ukalinda mizizi. Wanataka kujua: ni kweli, au ni biashara ya mjini?

Jibu fupi ni kwamba ni kweli, lakini si kwa kila ugonjwa, na si kwa kila pakiti inayouzwa. Jibu refu ndilo makala haya. Diploma yangu si ya kilimo, wala sijifanyi bwana shamba. Ila mimi na shemeji yangu tunalima nusu ekari ya kukodi, na tumepoteza tungule za kutosha kutufanya tukae chini tusome, tuulize na tujaribu. Yahifadhi makala haya, utayahitaji msimu wa kusia miche.

Si kila kuvu ni adui

Sisi tukisikia kuvu au ukungu, akili hukimbilia ubaya: mkate ulioharibika, mahindi yenye sumu, majani yenye madoa. Lakini udongo wenye afya umejaa kuvu za kila namna. Nyingi kazi yake ni kuozesha majani na mizizi iliyokufa, ndiyo maana shamba halijai takataka za miaka yote. Chache huishi kwa kuua mimea. Na zipo zinazoishi pamoja na mmea kwa faida ya pande zote mbili.

Kwa mkulima wa tungule makundi mawili ndiyo ya kuyajua kwa jina. La kwanza ni trikoderma, ambalo ni mlinzi. La pili ni maikoriza, ambalo ni mchukuzi. Watu huyachanganya, na wauzaji wengine huyachanganya makusudi, lakini kazi zao ni mbali mbali.

Trikoderma, mlinzi wa mizizi

Trikoderma ni kuvu ya kawaida kabisa. Ipo katika udongo wa karibu dunia nzima, na ikikomaa hutoa unga wa kijani ambao pengine umeuona kwenye gogo bovu. Jina lake lilitolewa mwaka 1794 na Christiaan Hendrik Persoon, mtaalamu wa kuvu aliyezaliwa Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Lakini haikujulikana inavyofaa shambani mpaka mwaka 1932, Richard Weindling alipoonyesha kule Marekani kwamba kuvu hii huzivamia na kuzila kuvu nyingine za udongoni, zikiwemo zile zinazoua miche.

Inafanya kazi kwa njia nne. Kwanza, hukua haraka. Ikitiwa mapema huuzunguka mzizi na kula chakula kilichopo, adui akifika anakuta nyumba ina mwenyewe. Pili, hushambulia: nyuzi zake hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu mbaya, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta wake, kisha huinyonya. Tatu, hutoa kemikali zinazowazuia wapinzani wasikue. Nne, na hili huwashangaza wengi, huuamsha mmea wenyewe ukae macho, ukijilinda kabla ya kuumwa. Kwa hivyo ni kinga zaidi kuliko tiba. Mtungule ulioanguka hauinuliwi na trikoderma.

Maikoriza, mchukuzi wa chakula

Maikoriza ni neno lililotungwa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank kutokana na Kigiriki, na maana yake ni kuvu-mzizi. Ni kuvu zinazoingia ndani ya mzizi bila kuuumiza, kisha hutandaza nyuzi zake nje, nyembamba kuliko unywele, zikafika mahali ambapo mzizi haufiki. Huko hukusanya fosforasi hasa, pamoja na zinki na maji kidogo, zikauletea mmea. Mmea nao huzilipa kwa sukari na mafuta uliyoyatengeneza kwa jua. Ni bia kama ile ya nahodha na mwenye chombo.

Zaidi ya thuluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu huishi na maikoriza za jamii hii, na tungule imo. Kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu sehemu kubwa ya mashamba yetu ni mchanga wenye mboji chache. Fosforasi haitembei mbali udongoni, mzizi ukishaimaliza iliyo karibu hubaki na njaa japo hatua chache mbele ipo. Maikoriza pia huusaidia mmea kuvumilia ukame na chumvi kiasi, na wenye visima karibu na bahari wanajua ninachosema. Nasema kiasi. Maji ya kisima yakiwa machungu kwa chumvi hakuna kuvu itakayoyafanya matamu.

Kwanza jua kilichoua mitungule yako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mitungule hunyauka kwa sababu nyingi, na kila moja ina dawa yake. Kabla ya kununua chochote, ng'oa mmea mmoja ulioanza kunyauka, uwe bado una uhai, kisha fanya uchunguzi huu.

Mnyauko wa bakteria. Mmea hunyauka ghafla ukiwa bado kijani, kama uliomwagiwa maji ya moto. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi, usikitikise. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka kutoka mahali ulipokata, hiyo ni bakteria inayoitwa ralstonia.

Mnyauko wa fusariamu. Huu huja polepole. Majani ya chini huwa manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea au hata upande mmoja wa jani. Ukipasua shina kwa urefu unakuta mistari ya rangi ya kahawia chini ya ganda. Kwenye gilasi hakushuki uzi wa maziwa.

Kuoza kwa shina chini. Angalia shina linapogusa ardhi. Ukiona ukungu mweupe kama pamba, na ndani yake vijipira vidogo vya kahawia kama mbegu za haradali, hiyo ni kuvu iitwayo sklerotiamu. Hupenda joto na unyevu, kwa hivyo pwani ni nyumbani kwake.

Minyoo fundo. Mmea hulegea mchana na kuinuka jioni, haukui, na majani yamepauka. Mizizi ina vinundu vinundu kama shanga. Vinundu hivi haviponyoki kwa kidole, tofauti na vile vya kunde, ambavyo ni vya kheri.

Miche kuanguka kitaluni. Shina huwa jembamba na jeusi penye udongo, mche ukalala. Hizi ni kuvu na jamaa zake zinazopenda maji mengi na miche iliyosongamana.

Sasa shika jambo hili. Trikoderma inafaa dhidi ya fusariamu, sklerotiamu na kuanguka kwa miche. Kwa minyoo fundo husaidia kidogo, lakini iko kuvu nyingine inayokula mayai ya minyoo hao, nayo huuzwa peke yake kwa kazi hiyo. Kwa mnyauko wa bakteria usiitegemee. Na kwa barafu ya majani au kwa nondo wa tungule, Tuta absoluta, yule aliyeingia Kenya mwaka 2014, trikoderma ya ardhini si dawa yake.

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo anayelima karibu na mto, alikuwa ameshaahidiwa mzigo wa unga wa kuvu na kijana wa pikipiki. Alikuwa amekopa pesa za chama. Nikamwomba, "Mama, kabla hujalipa, tafadhali niletee gilasi." Alidhani nataka maji ya kunywa. Tulikata shina, tukalitia majini, tukakaa chini ya mwembe. Hata hadithi haikwisha, uzi mweupe ukaanza kushuka. Aliutazama kwa muda, akasema, "Basi hii si ya unga, mwanangu." Pesa za chama zilirudi chamani. Mitungule yake hatukuiokoa, lakini msimu uliofuata pale alipanda mahindi na hakupanda tungule, na hakuongeza deni juu ya hasara.

Kwa mwenye ralstonia njia ni hizi: ng'oa na uchome miche iliyougua, usipeleke maji ya shimo lile kwenye shimo jingine, safisha jembe, na usipande hapo tungule, bilinganya, pilipili wala viazi kwa misimu kadhaa. Wenye uwezo hutumia miche ya tungule iliyopandikizwa juu ya shina la bilinganya linalovumilia bakteria hiyo.

Namna ya kutumia trikoderma

Ukishajua adui wako ni kuvu, fuata hatua hizi. Vipimo ninavyovitaja ni vya kawaida, lakini bidhaa hazifanani nguvu, kwa hivyo lebo ya pakiti ndiyo hakimu.

Moja, tayarisha mbolea. Chukua samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri, isiyotoa moshi wala harufu kali. Kwa kilo 100 za samadi changanya kilo 1 ya unga wa trikoderma. Nyunyiza maji mpaka ukiifinya mkononi ishikane bila kuchuruzika. Irundike kivulini, ifunike kwa makuti au magunia, na uigeuze kila siku tatu nne. Baada ya siku 7 mpaka 15 kuvu itakuwa imeenea ndani yake. Hii ndiyo njia ya kufanya pakiti moja itoshe shamba, kwa sababu kuvu imepewa chakula na nafasi ya kuzaana.

Mbili, anza kitaluni. Changanya mbolea hiyo na udongo wa kitalu kabla ya kusia mbegu. Mche unaoondoka kitaluni ukiwa na mlinzi wake mizizini una bahati kuliko unaotafutiwa mlinzi shambani.

Tatu, chovya mizizi. Siku ya kuhamisha miche, koroga gramu 10 kwa kila lita ya maji, weka mizizi ndani kwa dakika 10 mpaka 30, kisha panda. Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza.

Nne, tia konzi moja ya ile mbolea kwenye kila shimo, changanya na udongo, panda juu yake, mwagilia. Fanya hivi jioni. Jua letu la saa saba mchana linaua mbegu za kuvu kama linavyokausha papa.

Tano, rudia baada ya wiki tatu au nne kwa kumwagia maji yenye trikoderma kwenye shina, ikiwa lebo inasema hivyo.

Sita, linda unyevu. Tandaza majani makavu, magugu yasiyo na mbegu, au makumbi ya nazi yaliyochanwa. Kuvu ni kiumbe hai. Hustawi kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 30, nalo ndilo joto letu chini ya kivuli. Mchanga ulio wazi mchana wa kaskazi hupita hapo mbali sana.

Kwa shamba lililougua vibaya kuna jambo la kutangulia. Kati ya Januari na Machi, jua la kaskazi likiwa kali, lima, sawazisha, mwagilia mpaka udongo ulowe, kisha funika kwa nailoni angavu na uzike kingo zake. Iache wiki 4 mpaka 6. Joto litakalopatikana chini yake huua kuvu nyingi mbaya, minyoo na mbegu za magugu katika udongo wa juu. Njia hii ilitangazwa na watafiti wa Israeli mwaka 1976, nasi pwani tuna jua la bure. Ila joto hilo huua na wema pia, kwa hivyo ukishafunua rudisha trikoderma mara moja kabla adui hajarudi wa kwanza.

Makosa yanayoua kuvu rafiki

Kosa letu la kwanza mimi na shemeji tulilifanya pale pale dukani. Pakiti ilikuwa imepangwa dirishani penye jua, nasi hatukuangalia tarehe. Tukaifunga nyuma ya pikipiki, tukapita nayo mahali pengine tukanywa chai, ikafika shambani imeiva. Kisha tukaichanganya ndani ya bomba moja na dawa ya ukungu ili kuokoa kazi. Sasa fikiria: tumenunua kuvu, tumeipika, halafu tumeinywesha dawa iliyotengenezwa kuua kuvu. Msimu ule tulipoteza karibu nusu ya mitungule na tukawaambia watu kwamba unga ule ni uongo. Waongo tulikuwa sisi.

Kwa hivyo zingatia haya. Nunua pakiti iliyokaa mahali pa baridi na ambayo tarehe yake haijapita. Ihifadhi kivulini na uitumie mapema. Usichanganye na dawa ya ukungu, na usimwage dawa hizo ardhini mahali ulipotia trikoderma. Kabendazimu na jamaa zake ni hatari zaidi kwayo. Ukilazimika kupuliza majani kwa ugonjwa mwingine, acha siku zilizotajwa kwenye lebo zipite, na puliza majani tu. Ukichanganya unga, funga kitambaa puani, na mwenye pumu au mwili dhaifu ampe mwingine kazi hiyo. Na kama nyumbani kwenu au kwa jirani wanalima uyoga, mbolea hii ikae mbali kabisa. Uyoga pia ni kuvu, na trikoderma hauachi.

Maikoriza nayo ina adui yake: mbolea ya fosforasi ikizidi. Mmea ukilishwa DAP kwa wingi huona hauna haja ya mchukuzi, ukafunga mlango. Hii haina maana uache mbolea, ina maana upime. Kulima kwa kupindua udongo mara kwa mara pia hukata zile nyuzi. Na mimea mingine haikai na maikoriza kabisa, kama sukuma wiki, kabichi na mchicha. Shamba likilimwa hizo tu mfululizo, kuvu hizi hupungua. Mahindi, mtama na pojo huziweka hai. Kunde pia, lakini kama una minyoo fundo ziepuke, kwa kuwa minyoo hao huzipenda kunde kama wanavyopenda tungule.

Maikoriza ya kujifanyia nyumbani

Trikoderma ni bora kuinunua, kwa sababu kuikuza kwa usafi ni kazi ya maabara. Maikoriza hukua kwenye mizizi iliyo hai tu, na hiyo ndiyo nafasi ya mkulima, kwa kuwa mizizi anayo.

Chukua udongo wa juu pamoja na mizizi midogo ya nyasi kutoka mahali pasipolimwa miaka mingi, kama pembezoni mwa kichaka. Usichukue penye tungule, bilinganya wala pilipili, utabeba ugonjwa. Changanya sehemu moja ya udongo huo na sehemu tatu za mchanga safi wa mto, usio wa pwani wenye chumvi. Jaza ndani ya mifuko au ndoo zilizotobolewa, panda mtama kwa wingi. Mwagilia kwa miezi mitatu au minne bila kutia mbolea ya fosforasi. Kisha acha kumwagilia mpaka mtama ukauke. Kuvu ikiona mwenyeji wake anakufa hutengeneza mbegu nyingi za kujihifadhi. Ng'oa, katakata mizizi, ichanganye na ule udongo, weka kivulini. Kabla ya kutumia, itazame ile mizizi vizuri. Ikiwa na vinundu, itupe yote. Ikiwa safi, konzi ndogo chini ya kila mche kitaluni inatosha.

Usidanganywe na pakiti nzuri

Soko la bidhaa hizi lina wakweli na matapeli. Kuanzia mwaka 2009 watafiti walipima bidhaa zaidi ya 100 za aina hii, zikiwemo za maikoriza, katika nchi za Kenya, Ethiopia na Nigeria, na nyingi hazikuonyesha faida ya maana. Hilo halisemi kwamba kuvu hazifai. Linasema kwamba pakiti si kuvu.

Kwa dawa za kibiolojia kama trikoderma, Kenya ina bodi ya kudhibiti bidhaa za wadudu na magonjwa, PCPB, na bidhaa iliyosajiliwa huandikwa nambari inayoanza na herufi hizo kwenye lebo. Isiyo nayo, iache dukani. Lebo pia ieleze jina la kuvu yenyewe, idadi ya mbegu hai kwa gramu, na tarehe ya mwisho. Hatuna haja ya kuagiza ng'ambo, kwani zipo kampuni zinazotengeneza hapa hapa Kenya. Watu wa maua walianza kuzitumia zamani, hasa baada ya mkataba wa Montreal wa 1987 kuwafungia ile gesi ya methili bromidi waliyokuwa wakifukizia ardhi.

Na usidhani elimu iko bara tu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo hapa hapa Mtwapa, na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi kilizaliwa kutokana na taasisi ya kilimo. Mpelekee afisa mmea wako uliofungwa ndani ya gazeti, pamoja na mizizi na udongo wake. Ni haki yako, nawe ndiye unayelipa kodi.

Jaribu mwenyewe kabla ya kuamini, hata haya ninayokwambia. Chagua mistari minne. Miwili tia trikoderma, miwili usitie, mengine yote yawe sawa: mbegu, maji, mbolea. Chomeka vijiti. Kila Ijumaa asubuhi hesabu iliyokufa na uandike. Msimu mmoja utakujibu kuliko mimi. Sisi tulifanya hivyo msimu wa pili, na mistari iliyotiwa ilipoteza michache kuliko mingine. Haikuwa muujiza, kwani iliyokufa ilikuwepo, lakini tofauti ilitosha kulipia unga na kubaki na ya sukari.

Kwa nini jambo hili ni letu

Mtu atauliza, kwani tungule si zinaletwa kutoka Loitoktok na Taveta, zinajaa Kongowea, tununue tuendelee? Ni kweli. Lakini kila kreti linalotoka mbali lina nauli ndani yake, na nauli ile hulipwa na mama anayepika mchuzi Shella au Maweni. Na kijana aliyeacha kulima kwa sababu ardhi imemshinda, ndiye yule anayekaa barazani tukimlaumu.

Liko na la ardhi za kukodi. Wengi wetu tunakodi kwa msimu, tunamwaga kila dawa tupate letu, kisha tunahamia shamba jingine. Anayekuja nyuma yetu anakuta ugonjwa tuliouacha, kwa sababu fusariamu hukaa udongoni miaka mingi ikingoja. Shemeji alitaka tuhame baada ya ule msimu mbaya. Nikamuuliza, "Tutamwachia nani?" Tukazungumza na mwenye shamba, akatupa miaka mitatu kwa kodi ile ile, kwa sharti kwamba tuitengeneze ardhi. Kama wewe ni mwenye ardhi, fikiria mpango huo. Kama wewe ni mkodi, uombe. Hakuna atakayetia mboji kwenye udongo atakaonyang'anywa Desemba.

Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumekwenda kwenye kila dawa ya chupa, na marejeo ni kwenye udongo wenyewe. Ardhi ni amana. Tuitunze nayo itatutunza, inshallah.

Kwa leo tuishie hapo. Ukikata shina lako ukalitia kwenye gilasi, nijulishe umeona nini.